Siku Nyogokuru Alipoacha Kutukana

Nilipokuwa mtoto, sisi wa Goma tulikuwa na vitu viwili tu vya kuogopa: mlima ulio nyuma yetu, ambao usiku uling'aa mwekundu kama mdomo wa jiko, na ziwa lililo mbele yetu, ambalo lilimeza wavuvi wa ufuko wa Kituku bila kumweleza mtu sababu. Mto hatukuwa nao. Mvua ya Goma, hata inyeshe kwa hasira namna gani, mawe ya volkano huinywa yote, na baada ya muda mfupi unaweza kuketi chini na nguo yako isilowe. Kwa hiyo, kama anatafutwa mtu wa kuandika habari za mafuriko, si mimi. Mimi ni mwanamke wa vitenge. Nimefika Bujumbura, Kampala, Kisangani, Mombasa, na Brussels mara moja, na kote huko nilichokichunguza kwa bidii ni vitambaa na vyakula, kama umbo langu linavyoshuhudia. Lakini ukuta wa udongo unaovuja nimeuona kwa macho yangu mwenyewe, wakati huo sina meno ya mbele. Nikautangaza mbele ya watu wazima, na watu wazima wakacheka hadi wakashika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza nilipochekesha watu maishani mwangu, na sikuwa nimekusudia.

Baba yangu alikuwa fundi wa kujenga nyumba za mawe mjini. Kila vakansi ya Pasaka, shule zikifungwa, alinipandisha juu ya lori la chumvi na kunipeleka ng'ambo ya mji wa Sake, kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Nyogokuru, yaani Bibi. Yeye alikaa katika bonde la mto mmoja unaoteremka kutoka milima ya Masisi. Zamani bonde lile lilikuwa la mafunjo na vyura. Kisha Wabelgiji wakaamuru watu wainue ukuta wa udongo kando ya mto, ili nchi ikauke ilimwe. Ukuta huo watu waliuita dige. Ulikuwa mpana kiasi kwamba mtu na ng'ombe wangeweza kupishana juu yake, kama ng'ombe mwenyewe ana adabu. Upande wa juu dige ililinda shamba kubwa la maharagwe, shamba la lazima, ambalo kila mwanamume wa pale alililima apende asipende. Upande wa chini ililinda nyumba za watu.

Mwenye dige, yaani aliyeibeba rohoni, alikuwa kapita Semivumbi, yaani msimamizi wa kazi za lazima pale bondeni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa mlima wa pili, na kila asubuhi aliitembelea dige yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akiichomachoma kwa fimbo kama daktari anayepapasa tumbo. Alijenga hata nyumba ya mwanawe Karoli chini kabisa ya ukuta, ili watu waone kwamba yeye haogopi kazi ya mikono yake.

Semivumbi na Nyogokuru walikuwa watani. Hapa lazima nieleze kidogo, maana utani wa kwetu si mchezo wa kupitisha jioni. Kwa Kinyarwanda watu hao wanaitwa abase. Ukoo wetu, ambao ndege wake ni yule mdogo wa mtoni anayetikisa mkia, ulikuwa na kazi kwa ukoo wa Semivumbi, ambao mnyama wao ni chura. Mtu wa kwao hajengi nyumba kabla mtu wa kwetu hajapiga jembe la kwanza katika kiwanja. Na kwa kuwa tumewafungulia ardhi, tuna ruhusa ya kuwatukana, wao wana ruhusa ya kuturudishia, na hakuna wa kukasirika. Nyogokuru ndiye aliyepiga jembe la kwanza la nyumba ya Karoli. Ndiye pia aliyemwita Semivumbi kila jina lisilofaa kuandikwa.

Wakikutana njiani ilikuwa hivi.

"Weye kichwa ya fisi, hawajakuzika bado?"

"Wananingojea wewe utangulie, kizee ya mukia. Udongo yenyewe imekukataa."

Na wote wawili wanacheka, wanashikana mikono, wanaulizana habari za ng'ombe. Mimi, mtoto wa mjini niliyefundishwa kwamba mkubwa haambiwi hata "wewe", niliwatazama kama watu walionaswa wakiiba kanisani.

Lakini utani huo ulikuwa na mlango wa nyuma ambao watu hawakupenda kuusema. Neno la mtani likisemwa kwa kicheko, linaruka kama pumba. Linaenda na upepo. Bali mtani akisema neno zito bila kucheka, juu ya ardhi aliyoifungua yeye mwenyewe, neno lile linaingia katika udongo na halitoki tena. Linakuwa. Ndiyo maana Nyogokuru, hata akiwa na homa, alipopita karibu na nyumba za ukoo wa chura alihakikisha anatoa tusi moja la afya. Kunyamaza kwake tu kungewanyima watu usingizi.

Mwaka huo mvua ya Pasaka ilinyesha kana kwamba kuna mtu anamwaga maji ya kufulia bila kutazama chini. Mto ulipanda. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, ukibeba migomba mizima, na uliwahi kubeba mbuzi mmoja aliyesimama juu ya rundo la nyasi kama abiria aliyelipa. Wanaume walishinda juu ya dige wakiongeza udongo na majani ukingoni, maana hofu yao ilikuwa moja: maji yasije yakapita juu. Semivumbi alikuwa ameacha kuongea na watu. Aliongea na ukingo wa juu tu. Bwana kilimo, Mzungu aliyesimamia bonde, alikuwa amepita kabla ya mvua kuzidi na kuacha amri fupi: mtu asiguse dige, na maharagwe yavunwe yote. Kisha barabara ya Sake ikakatika, na amri ikabaki peke yake bila mwenyewe.

Katikati ya mambo hayo, Domitila, mke wa Karoli, akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi, mzazi hatoki nyumbani hadi mtoto apewe jina. Kwa hiyo alikuwa ndani, katika chumba cha nyuma, na kitanda chake kilikuwa upande uleule wa dige. Mchana mmoja mvua ilipopumzika, Nyogokuru akanishika mkono, tukaenda kumwona.

Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa. Palikuwa na shangazi za mtoto, majirani, na Karoli mwenye matope hadi kiunoni. Semivumbi mwenyewe alikuwa ameteremka kutoka juu ya dige anywe pombe ya ndizi kidogo amtazame mjukuu. Mtoto akaletwa. Nyogokuru akamfunua uso, akamtazama muda mrefu, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sasa huyu ni mutoto ao ni chura muliokota kwa mufereji?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Domitila, kutoka chumba cha nyuma, alicheka akilalamika kwamba tumbo linamuuma. Maana mtoto mchanga hasifiwi. Ukimsifu, wenye macho mabaya wanasikia. Mtani ndiye anayemtukana vizuri ili aishi.

"Macho imemutoka," aliendelea Nyogokuru. "Na miguu hii! Huyu hatatembea, ataruka."

"Ametoka mzuri kuliko wewe," akasema Semivumbi. "Wewe mama yako alikuzaa, akaomba wamubadilishie."

Watu wakagonga mapaja. Mimi sikuelewa nusu yake, na pombe sikupewa, basi nikatoka kwenda nyuma ya nyumba kwa haja zangu ndogo.

Hapo ndipo nilipoona ardhi inachemka.

Kati ya ukuta wa nyumba na mguu wa dige palikuwa na nafasi nyembamba ya nyasi, na katikati ya nyasi hizo maji yalikuwa yakibubujika kutoka chini, mahali pa ukubwa wa sahani. Yalikuwa yakitupa mchanga juu, polepole, pu, pu, pu, kama uji mzito unaokaribia kuiva. Pembeni mchanga ule ulikuwa umejikusanya ukawa kilima kidogo chenye shimo kileleni. Nataka msomaji anihurumie. Mtoto wa Goma akiona kilima chenye shimo kileleni, na kitu kinachemka ndani, hana mawazo mawili. Nilirudi mbio, haja yangu nimeisahau, au sijaisahau yote, nikavuta kitenge cha Nyogokuru na kumnong'oneza kwamba volkano imezaa nyuma ya nyumba.

Alikuja kutazama. Hakucheka. Alichutama, akachovya kidole, akakitazama kidole. Maji hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya dige. Kisha akatazama juu ya ukuta, ambako nyuma yake mto ulikuwa umesimama juu kuliko paa la nyumba, na akatazama ukuta wa chumba ambamo Domitila alikuwa amelala. Vyote vitatu ungeweza kuvigusa kwa ufito mmoja.

Tukarudi ndani. Aliketi mahali pake na kusema, kwa sauti yake ya kila siku:

"Semivumbi, kichwa ya fisi, ile dige yako iko nakojoa nyuma ya nyumba."

"Imekuona, imesikia woga!" akajibu Semivumbi, na watu wakaanguka kwa kicheko.

"Ninasema iko nakojoa udongo."

"Hata wewe ukikunywa pombe yangu unafanya vilevile."

Shangazi mmoja alifuta machozi ya kicheko akamjazia Nyogokuru kibuyu. Kadiri alivyosema, ndivyo walivyocheka. Alisema dige itawalalia kitandani, wakacheka. Alisema wamtoe Domitila, wakasema kizee anataka kitanda chake. Nadhani hajawahi kufanikiwa kama siku ile. Nami leo, niliyezoea kuchekesha wateja na maofisa wa mpaka, najua vizuri ule uso aliokuwa nao: uso wa mtu anayeona kila neno lake linapokelewa kwa furaha na halifiki.

Akaniinamia sikioni. "Sema weye. Wewe hauko mutu muzima bado. Neno yako haina kazi kwa udongo yao."

Nikasimama. Nikasema kwa heshima yote niliyofundishwa na masista: "Papa kapita, maji iko nachemka nyuma ya nyumba, na iko natoka na udongo."

Kisha Semivumbi akapiga makofi.

"Mutoto ya Goma! Volkano imemufuata mupaka kwetu!"

"Damu ya ukoo haipotei," akasema Karoli. "Mutazame, hata meno hana, lakini anatukana."

Walinibeba juu. Walinipa ndizi iliyoiva. Ndipo ninapohesabia mwanzo wa kazi yangu ya uchekeshaji, na sijapata tena mafanikio makubwa kama yale.

Nyogokuru alitoka nje tena peke yake, nami nikamfuata na ndizi yangu. Kilima cha mchanga kilikuwa kimekua. Sasa palikuwa na kingine pembeni yake, kidogo, kama mtoto wake. Alisimama mikono nyuma.

"Nikiwaambia nikicheka, hawasikii," alisema. Sijui kama aliniambia mimi. "Nisipocheka, ni mimi nitakuwa nimeivunja hii nyumba. Jembe ya kwanza ilikuwa yangu."

"Si uwaambie tu, Nyogokuru?"

"Uko mutoto ya mujini," akasema. Katika bonde lile hilo lilikuwa tusi, na lilinistahili.

Sikuona siku hiyo alichokuwa akipima. Upande mmoja alikuwa mtoto asiye na jina bado, na mama yake asiyeruhusiwa kutoka. Upande wa pili lilikuwa neno ambalo, kwa imani yake na ya kila mtu mle ndani, likishatoka lingeifanya nyumba ianguke hata kama haikutaka kuanguka. Na hakuwa na uhakika. Hilo ndilo ninalolifikiria zaidi sasa. Kuna dige zinazovuja msimu mzima na kukauka zenyewe.

Akaingia ndani. Hakuketi. Alisogea hadi mbele ya Semivumbi, akapiga magoti kidogo, kama mke mdogo anavyomsalimu baba wa mume wake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Muzee," alisema. "Muzee Semivumbi. Ninakuomba, kwa heshima yako na ya wazee waliokuzaa. Simama, uende kutazama nyuma ya nyumba."

Sijawahi kusikia kimya kama kile, na nimewahi kukaa katika chumba cha forodha. Mtu aliyekuwa anameza pombe aliisitisha mdomoni. Nyogokuru hakuwa amempa Semivumbi heshima tangu wajuane, si yeye, si mama yake kabla yake. Shangazi aliyemjazia kibuyu alimvuta kitenge.

"Mama, cheka," akasema shangazi. "Cheka basi. Kidogo tu."

Nyogokuru hakucheka.

"Mutukane!" shangazi akalia. "Mutukane, Mama, neno isiingie!"

"Unajua ile uko nasema?" Semivumbi akauliza polepole.

"Ninajua, Muzee."

Semivumbi alisimama. Sote tukamfuata. Alipiga goti kwenye nyasi, akakinga maji kiganjani, akayasugua kwa kidole gumba. Hakuhitaji mtu kumfundisha. Maisha yake yote yalikuwa dige. Alikuwa tu ameitazama juu kwa siku nyingi akasahau kwamba ina miguu.

"Inabeba udongo," alisema. "Inakula dige kutoka ndani."

Karoli tayari alikuwa na fungu la majani na jiwe, anataka kuziba. Baba yake akamshika mkono.

"Ukiziba hapa, itatokea chini ya kitanda. Maji ya mto ndiyo inasukuma. Mupaka mto ishuke."

"Haishuki, Papa. Mvua iko juu ya milima bado."

Semivumbi alinyanyua macho, akatazama upande wa juu wa bonde. Hatukuhitaji kuambiwa anatazama nini. Dige ikikatwa kule juu, maji yangeingia shamba la maharagwe, mto ungeshuka huku chini, na shinikizo lingepungua. Maharagwe yalikuwa yameanza kukauka kwenye maganda. Amri ya Bwana kilimo ilikuwa palepale, haina masikio ya kusikiliza sababu.

"Watakufunga," akasema Karoli.

"Mutoeni Domitila."

"Mutoto hajapewa jina, Papa."

"Atapewa jina akiwa mukavu. Mutoeni. Na mulete majembe, nyinyi mote."

Domitila alitolewa amefunikwa kitenge kichwani ili mbingu isimwone, analia, mtoto amebanwa kifuani. Walimpandisha kwenye kilima cha jirani, nami nikapandishwa naye. Kutoka kule niliona wanaume wakikimbia juu ya dige na majembe mabegani, na nyuma yao, bila kukimbia, Nyogokuru. Walipofika mahali pa kukata, hakuna aliyeinua jembe. Semivumbi alimngoja. Alipofika alimpa jembe lake mwenyewe, kwa mikono miwili.

Wakanisimulia baadaye kwamba Nyogokuru alilipiga mara moja tu, na hakusema neno.

Maji yaliingia shambani bila kelele niliyoitarajia. Yalijitandaza tu, kama mtu anayetandika shuka, na maharagwe yakalala chini yake mstari baada ya mstari. Wanawake waliokuwa wameyapalilia walisimama kando yangu. Mmoja akasema, "Hivi basi," akaenda kutafuta moto wa kupikia.

Kabla ya jua kuzama, mto huku chini ulikuwa umeshuka, na vile vilima vya mchanga vikaacha kutema. Tukadhani imekwisha. Kisha kipande cha dige kilichokuwa kimeliwa ndani kikaketi, polepole, kama mzee anayechoka kusimama, kikaegemea ukuta wa nyuma wa nyumba ya Karoli. Ukuta ukaingia ndani. Maji yaliyofuata yalifika magotini tu, kwa sababu mengine yalikuwa yamekwenda kwenye maharagwe. Lakini tulipoteremka, kitanda cha Domitila kilikuwa chini ya udongo, na haukuonekana hata mguu wake mmoja.

Hapo ningependa kumaliza. Simulizi zangu nyingi huwa nazikata penye watu kupumua. Ila bonde halikumaliza hapo.

Jioni ileile watu waligawanyika. Wengine walisema Nyogokuru ameokoa mtoto. Wengine walisema nyumba isingeanguka kama asingesema. Mliona wenyewe maji yalivyokwisha kutulia, walisema, kilichoiangusha ni neno. Na wengi, nadhani, waliamini yote mawili kwa pamoja bila kuona ugumu. Mimi nimezunguka, nimekutana na watu wa kazi za maji wakanichorea kwenye karatasi ya vitumbua jinsi maji yanavyochimba njia chini ya ukuta. Nimewaelewa. Na bado nikisimama mbele ya nyumba mpya ya mtu wa ukoo wa chura, huwa nachagua maneno.

Semivumbi alivuliwa ukapita, akafungwa Goma kwa ajili ya maharagwe. Baba yangu alimpelekea chakula kwa muda wote huo. Alipotoka alirudi bondeni, akajenga tena, mbali na dige. Akaja mwenyewe kumwita Nyogokuru apige jembe la kwanza. Alikuja amevaa koti.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Nyogokuru alimtazama. "Kichwa ya fisi," akasema, "gereza imekunenepesha."

Semivumbi akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama. Asante, Mama."

Na ikawa hivyo. Akikutana naye njiani alisimama kando kumpisha. Kwenye pombe alimpa kiti. Wajukuu wake walifundishwa kumwamkia kwa mikono miwili na kuondoka upesi. Hakuna aliyemchukia, ningependa hilo lieleweke. Walimheshimu kabisa. Alijaribu kila tusi alilolijua, na alijua mengi, na baadhi aliyatunga upya kwa ajili ya kazi hiyo, lakini yalirudi kwake kama barua zisizo na mwenyewe. Mtani akishakuamkia kwa heshima mara moja, hujui tena akikutukana anacheka au hacheki.

Nilikuwa msichana mkubwa Nyogokuru alipougua kwa mara ya mwisho. Semivumbi alikuja, mzee sasa, anatembea kwa kushikwa mkono na kijana mmoja mwenye macho makubwa, yule mtoto wa Domitila. Nyogokuru aliwatazama wote wawili kutoka kitandani. Alikusanya pumzi, na kwa muda mrefu, kwa sauti iliyobaki, alimtukana Semivumbi kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu, na mababu zake, na ng'ombe wake, na pombe yake. Ilikuwa kazi nzuri. Nilicheka hadi nikatoka nje. Niliporudi, Semivumbi alikuwa bado ameketi, kofia mapajani, macho chini, analia.

"Ndiyo, Mama," alisema.

Nyogokuru akageuka ukutani. Baada ya wao kuondoka nilimuuliza kama anajuta.

"Alikuwa anatukana vizuri, yule mwanaume," alisema.

Kijana mwenye macho makubwa yuko mtaa wa Ndosho, hapa Goma, leo, ana karakana ya kuchomelea vyuma na watoto wengi kuliko wanaotosha. Ninapopita ananipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba nimenenepa, na mimi namwambia mlango aliouchomelea jana umepinda kama yeye, na watu wa karakana wanacheka. Sijawahi kumwambia kilichotolewa ili atoke katika chumba kile. Ningemwambiaje? Ningelazimika kuacha kucheka, na naona kwa macho yake kwamba angeniamini.